Panya wa Arusha na Jumamosi ya Singe

Babati, dukani

Paskalina mwanangu,

Umekwenda Bonga kumuaga shangazi yako Fausta, na kwa jinsi ninavyomjua dada yangu, hatakuachia mpaka ule mara mbili. Mama yako yuko nyumbani Nangara, anakuandalia vya kula njiani. Mimi nimefunga duka mapema, nikasema napanga dawa kwenye rafu. Dawa zimepangwa tangu jana. Nimegeuza ndoo tupu nikaikalia, na kaunta ndiyo meza yangu.

Mambo ya blanketi, ya kulinda begi stendi, ya maji ya kuchemsha, mama yako ameshayasema, na kesho alfajiri atayarudia yote kabla basi halijaondoka. Mimi nayaruka.

Juzi tukiwa tunapukuchua mahindi uliniuliza, "Hivi Baba, kwa nini uliacha maabara?" Nikakujibu kwamba baridi ya Arusha ilinishinda. Ukacheka, ukaendelea kupukuchua, ila niliona kwamba jibu halikukutosha. Unakwenda Mbeya kujifunza kazi niliyoifanya mimi, kwa hiyo unastahili jibu lenyewe. Shida ni kwamba ndani yake kuna mambo ambayo baba na binti hawayazungumzi wakitazamana usoni. Nilimuuliza mama yako kama nikuandikie. Alisema, "Mwandikie. Ila sehemu yangu usiitie chumvi, wala usiipunguze."

Basi sikiliza.

Nilikuwa fundi sanifu kwenye maabara ya wanyama, pembeni kidogo ya mji wa Arusha. Mkuu wetu alikuwa Mzee Lazaro, daktari wa mifugo, mtu mrefu mwenye sauti ndogo kiasi kwamba ukitaka kumsikia lazima uache unachofanya. Kampuni moja ya rangi ilikuwa inataka kutumia kemikali mpya ya kuyeyushia rangi ya mabati. Kabla ya kuruhusiwa, kulikuwa na swali la kujibu: mfanyakazi anayeishika na kuivuta kila siku kiwandani, ataweza kuzaa? Mimba itakaa? Mtoto atazaliwa mzima? Huwezi kuwapa watu kemikali ili uone. Unawapa panya.

Panya weupe, Paska, wale wenye macho mekundu. Tuliwagawa katika makundi. Kundi moja lilipewa maji tu, yale tuliyokuwa tukichanganyia kemikali. Mengine yalipewa dozi ndogo, ya kati, na kubwa. Kila asubuhi nilimshika panya mmoja mmoja, nikampitishia mrija mwembamba mdomoni hadi tumboni na kumpa sehemu yake, madume kwa majike. Utajifunza kazi hiyo na utaona inahitaji mkono mtulivu. Panya anajua ukiwa na hasira. Siku niliyogombana na mtu nyumbani, panya wa kwanza ndiye aliyekuwa ananiambia.

Ilikuwa lazima tuwape wiki nyingi kabla ya kuwapandisha, kwa sababu mbegu ya kiume haitengenezwi kwa siku moja. Ukimpa dume kemikali leo na kumpandisha kesho, unapima mbegu iliyotengenezwa zamani.

Katika wiki hizo nilifanya kosa la kwanza ninalotaka ulijue. Panya wa dozi kubwa walikuwa wazuri. Manyoya yanang'aa, wanakula, wanaongezeka uzito, wanapanda kwenye nyavu za kizimba ukiingia. Kulikuwa na dume mmoja ambaye ungempeleka kwenye maonyesho. Nikamwambia Mzee Lazaro, "Hii kemikali haina neno. Hawa wako salama kabisa."

Akaniuliza kwa ile sauti yake, "Umewauliza swali gani?"

Sikuelewa. Akasema, "Umewauliza kama wana njaa. Wamesema hapana. Bado hujawauliza kama wanaweza kuzaa."

Tulipowapandisha, jibu lilianza kuja. Asubuhi tulichukua tone dogo la ute kwa kila jike na kuliangalia kwenye darubini, kuona kama dume amempanda. Wa dozi kubwa walipandwa kama wengine. Ila matumbo hayakukua. Katika kundi la maji, majike walikuwa wamevimba wanatembea kwa shida, na kwenye vizimba vya dozi kubwa majike walikuwa wembamba kama siku waliyofika.

Sasa fikiri, maana hapa ndipo kazi inapoanza. Dume amekunywa kemikali, jike naye amekunywa, watoto hakuna. Nani ameharibika? Kwa kuwaangalia huwezi kujua. Tulichofanya ni hiki: tulichukua madume wa dozi kubwa tukawapa majike ambao hawajaguswa na kitu, halafu tukachukua majike wa dozi kubwa tukawapa madume ambao hawajaguswa. Hapo tatizo halina pa kujificha.

Niliipenda sana hatua hiyo. Niliona ni ya haki. Jioni nikaenda kumsimulia mama yako, na hapa sharti nikurudishe nyuma kidogo, kwenye nyumba yetu.

Wakati huo mimi na Regina tulikuwa tumeoana miaka kadhaa na hatuna mtoto. Ulikuwa hujazaliwa, kwa hiyo hujui nyumba ya namna hiyo inavyokuwa. Kila mgeni anatazama pembeni kama anatafuta kitu kilichopotea. Mama yako alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, anashinda na watoto wa watu, anawafunga kamba za viatu, anarudi nyumbani kwenye kimya.

Krismasi tulikuwa tunakuja Singe kwa bibi yako. Bibi alikuwa mama mzuri kwangu, nawe ulimfahamu, alikubeba mgongoni mpaka ukawa mzito. Lakini kwa Regina wakati ule hakuwa mzuri. Alimchemshia mizizi, akamnywesha mbele ya watu. Kwenye soko alikouza vitunguu, alikuwa akiulizwa habari za mkwe wake, anasema, "Yule Mnyaturu? Ni shamba la changarawe." Krismasi ya mwisho kabla ya haya ninayokueleza, shangazi yako Fausta alisema tukiwa tunakula wote, mama yako akiwa amekaa palepale, kwamba kuna binti mzuri wa hapo Bonga, ana tabia njema, na kwamba kanisa ni kanisa lakini ukoo nao ni ukoo.

Unataka kujua mimi nilisema nini. Nilisema, "Mungu atajalia." Halafu nikaomba niongezewe mboga.

Mama yako alikuwa ameshapimwa. Alikwenda mwenyewe hospitali, wakampiga picha ya mirija ya uzazi, kipimo kinachouma sana. Alirudi ameshika ukuta. Daktari alimwambia haoni tatizo na akasema mume naye aje. Nikasema nitakwenda. Kazi zikawa nyingi. Sikukataa kwenda, Paska, hilo ndilo nililojifunza kuliogopa baadaye. Mtu anayekataa unaweza kubishana naye. Mimi kila mara nilikubali, na kila mara nikaahirisha. Moyoni nilijiona mzima kabisa. Nilikuwa kijana, nacheza mpira Jumapili, sijalazwa hata siku moja. Nilijipima kama nilivyompima yule dume wa manyoya mazuri.

Basi jioni ile nikarudi na furaha yangu ya kazini. Mama yako alikuwa anamenya viazi. Nikamweleza yote, makundi, dozi, majike wembamba, na jinsi tutakavyowabadilishanisha. Nikasema, "Unaona, Regina? Hatuwezi kuandika kwamba jike ndiye mbovu mpaka tumjue dume."

Akaendelea kumenya. Kisha akaweka kisu chini taratibu, akaniangalia.

"Kwa hiyo," akasema, "panya wa kike halaumiwi mpaka dume apimwe?"

Nikasema, "Ndiyo."

"Wana bahati."

Alichukua kisu akamalizia viazi, tukala, tukalala. Nimegombana na watu wengi maishani, lakini sijawahi kushindwa kama nilivyoshindwa jioni ile na mtu ambaye hakunyanyua sauti.

Asubuhi sikwenda kazini. Nilikwenda hospitali.

Najua utacheka, na una ruhusa. Mimi niliyekuwa nimetazama mbegu za panya kwenye darubini mpaka nikaziota, muuguzi aliponipa kichupa na kunionyesha mlango wa bafu nilitaka kukimbia. Alikuwa mama wa makamo, mkubwa kwangu. Akaniona nimesimama. "Baba, wote wanasimama hivyohivyo," akasema. "Ingia. Mke wako ameshapitia makubwa kuliko hilo." Hakumjua mke wangu. Alijua tu.

Majibu yalipotoka, wiki kadhaa baadaye, daktari alinieleza kwa lugha niliyokuwa naielewa vizuri mno. Mbegu zilikuwa chache, na nyingi hazikwenda. Akaniuliza kama niliwahi kuugua matumbwitumbwi ukubwani, kama navuta sigara, halafu akaniuliza kazi yangu. Nikamwambia. Aliacha kuandika. "Hiyo kemikali unaishika kwa mikono?"

Hili ndilo kosa la pili. Chumba chetu cha kuchanganyia kilikuwa na feni ya kuvuta hewa chafu, na ilikuwa imeharibika muda mrefu. Glavu zilikuwepo, ila niliona zinanitelezesha vidole, kwa hiyo mara nyingi nilichanganya bila glavu, halafu nikanawa kwa sabuni. Maelezo ya kemikali yalisema wazi kwamba inapenya kwenye ngozi. Niliyasoma mimi mwenyewe. Nilidhani yameandikwa kwa ajili ya watu wazembe, na mimi sikujihesabu kuwa mmoja wao.

Nilitoka hospitali nikaenda moja kwa moja kwa Mzee Lazaro, nimejaa hasira. Kufikia siku hiyo matokeo ya kubadilishanisha yalikuwa yameanza kuonekana: majike wa dozi kubwa waliopewa madume wazima walikuwa wanashika mimba. Majike wazima waliopewa madume wa dozi kubwa, karibu wote hawakushika. Nikamwambia, "Na mimi niandike humo. Mimi ni ushahidi."

Alifunga mlango. Akanipa kiti. Akasema, "Pole sana, mwanangu." Alikuwa hajawahi kuniita hivyo. Halafu akasema, "Kabla hujaanza kazi hapa, uliwahi kupimwa?"

"Hapana."

"Basi hatujui ulikuwaje. Pengine kemikali imekuumiza. Pengine ulizaliwa hivyo. Wewe ni mtu mmoja, na mtu mmoja si kundi. Nikikuingiza kwenye ripoti, kesho kampuni itasema tumeandika kwa hasira, na yale ambayo panya wamesema kwa haki yatatupwa pamoja na yako."

Nilimchukia kwa dakika chache. Kisha akanyanyuka akaenda kwenye chumba cha kuchanganyia, akakifunga, na ufunguo akautia mfukoni. Akasema hakuna mtu atakayeingia mle mpaka feni ifanye kazi, hata kama utafiti utachelewa na kampuni ikalalamika. Akanihamisha siku hiyohiyo kwenye nyumba ya kuzalishia, ambako hakuna kemikali. Akawaita wenzangu wote waliowahi kuchanganya, akawaambia waende wakapimwe, na akawaambia kwa nini bila kutaja jina langu. Na jambo lingine alisema wakati natoka: "Nami nilijua feni ni mbovu. Hilo ni langu."

Nimefikiri sana juu ya mambo hayo mawili aliyoyafanya. Kwenye ripoti hakukubali neno lizidi kile kilichopimwa. Kwa watu hakusubiri uhakika. Utakutana na wengi watakaosema, "Hatuna uhakika, kwa hiyo tuendelee." Mzee Lazaro hakuwa na uhakika, ndiyo maana alifunga mlango.

Nyumbani nilimkuta mama yako anasahihisha madaftari. Nikasimama mlangoni. Nikasema, "Nimepimwa. Ni mimi."

Aliweka kalamu chini. Nilitegemea atalia au atanitukana, na kwa vyote nilikuwa nimejiandaa. Akaniuliza, "Umekula?"

Nikasema sijala. Akaniletea chakula, akakaa mbele yangu mpaka nikamaliza. Ndipo akasema, "Sasa twende Singe."

"Krismasi si mbali."

"Hapana. Twende Jumamosi. Mama yako anaendelea kunisema sokoni, nawe unataka nisubiri sikukuu."

Jumamosi tukapanda basi. Njia nzima kutoka Arusha nilikuwa napanga maneno, nayapangua. Mama yako alikuwa dirishani anakula karanga.

Tulimkuta bibi yako nje anaanika mahindi, na Fausta alikuwepo, amekuja kumsaidia. Tukaamkia shikamoo, tukaitikiwa marahaba, wakaleta viti. Bibi akashangaa tumekuja bila taarifa, akatazama tumbo la Regina kwa matumaini. Nilimwona akitazama. Nikajua nikikaa tu, sitasema tena. Nikabaki nimesimama.

"Mama," nikasema, "nimekuja kusema jambo moja. Regina hana tatizo lolote. Alishapimwa zamani. Nami sasa nimepimwa. Tatizo ni langu."

Bibi akatazama huku na huku kama kuna mtu amepita. "Nyamaza. Majirani watasikia."

"Wasikie tu, Mama. Yake si waliyasikia?"

Fausta akasema, "Kaka, mwanaume hasemi hivyo. Umerogwa wewe. Huyu mwanamke amekulisha nini?"

Bibi akamkatiza kwa Kiiraqw, neno moja, na Fausta akanyamaza. Kisha akaniuliza, "Tangu lini?"

"Sijui, Mama. Pengine ni kazi yangu, pengine nilizaliwa nayo. Hakuna anayejua."

Aliposikia "nilizaliwa nayo", uso wake ulibadilika. Nadhani kwa mara ya kwanza jambo hili lilimgusa yeye mwenyewe, tumbo lake. Akanyanyuka akaenda kwenye zizi la ng'ombe, akakaa huko mpaka jua likawa limeshuka. Alirudi, akapika, tukala. Nikamwambia mama yako tulipokuwa peke yetu, "Samahani, nilidhani atakuomba radhi." Akasema, "Sikuja kwa ajili ya radhi yake. Nilikuja kukusikia wewe ukisema."

Lakini asubuhi bibi yako alimwita. Mama yako ndiye aliyenisimulia. Walikuwa wanachambua maharage, na bibi hakumtazama. Akasema kwa kile Kiswahili chake kizito, "Mimi nilikusema sana. Hapa nyumbani nilikusema, na sokoni nilikusema. Hapa tumemaliza. Sokoni nitarudi mwenyewe."

Naye alirudi. Siku ya soko alipanga vitunguu vyake, na alipoulizwa habari za mkwe, akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwa wauza samaki kwamba mkwe wake ni mzima, kwamba mtoto wake wa kiume ndiye aliyekutwa na tatizo, na kwamba yeye, mama yake, alikuwa amesema uongo mahali hapo. Wanawake wengine walicheka. Akamaliza kuuza, akarudi Singe kwa miguu.

Habari zilitembea. Kwa muda, kila nilipokuja Babati kulikuwa na mtu wa kunitania, wengine kwa upole, wengine kwa ubaya. Hata sasa yupo mzee mmoja mteja wangu ambaye akinunua dawa ya dume lisilopanda vizuri, ananitazama na kutabasamu. Namuuzia. Sikufa. Nilikuwa nimeogopa miaka yote hiyo kitu ambacho kilipokuja kilikuwa na ukubwa wa tabasamu la yule mzee, na kwa kukiogopa nilimwacha mama yako abebe kitu kikubwa zaidi ya hapo mara nyingi sana.

Shangazi yako hajawahi kusema samahani. Ila tangu uzaliwe hakuna mwaka ambao hakukuletea nguo mpya, na mama yako anazipokea na kukuvalisha. Namna zao wanazijua wenyewe. Nakueleza haya ili umjue, si ili umchukie.

Utafiti ulimalizika. Baadhi ya madume wa dozi kubwa tulikuwa tumewaacha wakae muda mrefu bila kupewa kitu, tuone kama watarudi. Wengine walirudi wakazalisha, wengine hawakurudi. Wa dozi ndogo hawakuonyesha tatizo tulilolipima. Mzee Lazaro aliandika hivyo hivyo, bila kuongeza wala kupunguza, pamoja na dozi ambayo madhara yalianza kuonekana. Kampuni ikatafuta kemikali nyingine. Zaidi ya hapo sikusikia.

Mwishoni panya wote wanauawa, Paska. Hili hakuna atakayekueleza vizuri, watakuonyesha tu. Tunawaua ili kutazama viungo vyao vya ndani, hata wale wa kundi la maji ambao hawakufanyiwa kitu. Hao ndio walionisumbua. Wengine niliwaua nikijua wameshaharibika. Hawa walikuwa wazima, na bila wao yote tuliyoyaona kwa wenzao yasingekuwa na maana. Siku ile mikono yangu haikuwa mitulivu. Siwezi kukuambia ni vibaya kufanya kazi hiyo. Kuna mtu fulani anapaka mabati leo ambaye amepata watoto, na hajui kwa nini. Lakini ikitokea siku mkono wako hausikii kitu, toka nje kwanza.

Nawe ukaja. Siyo papo hapo. Tulikaa muda mrefu baada ya mimi kuacha kushika kemikali, mpaka tukaacha kuongelea jambo hilo, mpaka mama yako akafikiri ni malaria. Watu hupenda nikiwaambia kwamba niliacha kemikali ndipo nikapata mtoto. Ni hadithi nzuri na siwezi kuithibitisha. Siri yake siijui. Hatukupata mwingine baada yako, na hilo nalo siwezi kulieleza. Ukiulizwa kwa nini uko peke yako, sema ulikuja peke yako.

Unajua una jina la bibi yako. Labda hujui nani alilichagua. Mimi nilitaka tukuite jina la mama yake Regina, niliona ndiyo haki yake. Mama yako alikuwa kitandani hospitali, amekushika. Bibi alikuwa amesimama mlangoni, anaogopa kuingia. Mama yako akamwita, akakuweka mikononi mwake, akasema, "Mpokee Paskalina." Bibi yako aliketi chini sakafuni, palepale, na wewe kifuani. Muuguzi akadhani ameanguka.

Niliacha maabara miaka michache baadaye, bibi alipoanza kuugua na kuhitaji mtu wa karibu. Sikuondoka kwa hasira. Mzee Lazaro alinisindikiza hadi kwenye gari. Nikafungua duka hili la dawa za mifugo, na ukweli ni kwamba napenda kuona mnyama akitoka mlangoni kwangu akiwa na nafuu. Hilo ndilo jibu la swali lako, limekuwa refu kuliko baridi.

Sikupi masharti ya kwenda nayo. Kazi utaijua kuliko nilivyoijua mimi. Ila kama siku moja huko mbele utakuwa na mtu wako, na jambo likawapata nyote wawili, tazama ni nani kati yenu anayelaumiwa kabla hajaulizwa. Ikiwa ni wewe, usisubiri mtu apate ujasiri siku ya viazi. Ikiwa ni yeye, simama wewe useme, hata kama midomo inatetemeka. Yangu ilitetemeka.

Nasikia sauti yako barabarani, unamwamkia fundi viatu. Nimalizie.

Ukifika Mbeya kesho, mpigie mama yako kwanza. Mimi nitakuwa nimekaa pembeni yake.

Baba yako